Georg Rasch: Aliyetenganisha uwezo wa mtoto na ugumu wa mtihani

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa Makumira, mkoani Arusha, anapopata alama 40 katika mtihani, mzazi hubaki na swali: je, mtoto ni dhaifu au mtihani ulikuwa mgumu? Aliyelitafutia swali hilo jibu la kihesabu ni Georg Rasch, raia wa Denmark.

Rasch alizaliwa Septemba 21, 1901 mjini Odense. Mwaka 1930 alihitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, lakini hakupata ajira ya kudumu ya hisabati. Ili aishi, akawa mshauri wa takwimu, na mwaka 1935 alikwenda London kujifunza kwa bingwa wa fani hiyo, Ronald Fisher.

Mwaka 1952 alitakiwa kutathmini maendeleo ya watoto waliopewa msaada maalumu kwa sababu ya udhaifu wa kusoma. Watoto hao walikuwa wamepimwa kwa vifungu tofauti, vyepesi na vigumu, hivyo kuhesabu makosa pekee kusingeonyesha nani ameendelea. Rasch akaunda kanuni inayotoa thamani moja kwa uwezo wa msomaji na nyingine kwa ugumu wa kifungu.

Baadaye akabuni kanuni ya namna hiyo kwa majaribio ya akili. Humo, uwezo na ugumu huwekwa kwenye kipimo kimoja: vikilingana, uwezekano wa kulipata swali ni nusu, uwezo ukizidi, uwezekano hupanda. Ni kama mizani ya soko la Tengeru, ambayo kilo yake haibadiliki iwapo leo inapima ndizi na kesho viazi.

Aliyachapisha hayo mwaka 1960. Wapo wanatakwimu walioipinga kanuni hiyo, kwa hoja kwamba maswali yote hayawezi kutofautisha watahiniwa kwa kiwango kilekile.

Hata hivyo, ilifika Tanzania. Mpango wa SACMEQ, unaopima elimu katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, uliitumia kwa wanafunzi wa darasa la sita. Katika kusoma, Tanzania Bara ilipanda kutoka takriban 546 mwaka 2000 hadi 578 mwaka 2007. Bila kipimo kimoja, isingejulikana kama watoto wameendelea au maswali yamelegezwa.

Rasch alifariki dunia Oktoba 1980, katika kisiwa cha Læsø. Kwa walimu wanaoandaliwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ameacha funzo: kabla ya kumhukumu mtoto, upimwe kwanza mtihani.