John Gough, Mlevi Aliyeacha Pombe

Katika pwani ya Kilwa na Lindi wagema hupanda minazi kugema tembo, na mikorosho inapozaa mabibo, watu hutengeneza uraka. Mlevi apitapo njiani akipepesuka, watoto humcheka. Habari za John Gough zaonyesha kwamba kicheko chaweza kumwangamiza mlevi, na chaweza pia kumsaidia.

Gough alizaliwa Sandgate, Uingereza, mwaka 1817. Wazazi wake walikuwa maskini, kwa hiyo alipotimiza miaka 12 alipelekwa Marekani pamoja na jamaa nyingine. Katika mji wa New York alijifunza kujalidi vitabu. Alipopata fedha kidogo akawaita mama yake na dada yake. Lakini kazi ikakosekana, na mwaka 1834 mama akafariki katika ufukara.

Baadaye kijana akazama katika ulevi. Alijua sana kuimba nyimbo za kuchekesha na kuiga watu, na wanywaji wakamsifu na kumnywesha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naye Gough, kadiri alivyosifiwa, ndivyo alivyozidi kuharibika. Huko Boston aliigiza hata katika mchezo uliowadhihaki watu waliopinga pombe. Alioa, lakini mkewe na mtoto wao wakafa, naye akabaki peke yake, mikono ikimtetemeka.

Jioni moja ya Oktoba 1842, mjini Worcester, mtumishi wa hoteli aitwaye Joel Stratton alimgusa bega, akasema naye kwa upole, akamwalika mkutanoni. Kesho yake Gough alisimama mbele za watu na nguo zake chakavu, akaeleza hali yake bila kuficha, akatia sahihi ahadi ya kutokunywa tena. Siku zilizofuata mwili ulimtesa vikali, lakini akavumilia.

Baada ya miezi michache alikunywa tena huko Boston. Kwa kuwa alianguka mbali, angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alirudi Worcester, akawaambia wenzake kosa lake, akatia sahihi mara ya pili. Hawakumfukuza.

Tangu mwaka 1843 akawa mhutubu. Aliiga mlevi jukwaani, na mlevi huyo alikuwa yeye mwenyewe wa zamani. Watu walicheka hata wakatoka machozi, kisha wakanyamaza aliposimulia huzuni yake. Walevi walimsikiliza, kwa sababu hakusema kama mtu aliye juu yao.

Mwaka 1845 alionekana amelewa tena New York. Mwenyewe alisema ametiliwa dawa katika kinywaji. Wengine waliamini, wengine walikataa, na magazeti yakamsema vibaya. Hata hivyo hakuiacha kazi yake. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha maisha yake, na baadaye alihutubu miaka mingi Marekani na Uingereza. Februari 1886, akiwa katikati ya hotuba mjini Philadelphia, aliugua ghafula, akafariki baada ya siku chache.

Basi, wanafunzi, kipaji cha Gough kilikuwa kilekile tangu mwanzo hata mwisho. Kwanza alichekesha watu apate pombe. Baadaye alichekesha watu wapate kusikia kweli. Amchekaye mlevi njiani humzidishia aibu, lakini ajichekaye mwenyewe na kukiri kosa lake ameanza kupona.