Karani aliyezipa sehemu za kumi makao

SIMON Stevin hakuitumia ile nukta inayowatoa jasho watoto wa darasa la tano hapa Mbale. Hata hivyo, mimi ninayefundisha hisabati katika eneo la Industrial Division humtaja kila mwaka tunapofikia somo la kuzidisha desimali kwa nambari nzima.

Alizaliwa mwaka wa 1548 mjini Bruges, ambao leo uko Ubelgiji. Wazazi wake hawakuwa wameoana, na habari za utoto wake ni chache mno. Alipokua aliingia katika kazi ya kalamu na daftari: alikuwa karani wa hesabu mjini Antwerp, kisha akaajiriwa katika ofisi ya kodi ya Bruges mnamo 1577. Nchi ilikuwa vitani dhidi ya utawala wa Uhispania. Kufikia 1581 alikuwa amehamia Leiden, Uholanzi, na miaka miwili baadaye akajiandikisha katika chuo kikuu cha huko akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Wanaodhani umri wa kusoma hupita na wasikie.

Ukarani huo ndio uliomfungua macho. Enzi zile kila kipimo cha nguo, nafaka au fedha kilikuwa na migawanyo yake: hiki hugawanywa mara 12, kile mara 16, kingine mara 20. Kuzidisha bei kwa mzigo kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, na asiyejua hesabu alipunjwa mchana kweupe.

Mwaka wa 1585 Stevin alitoa kijitabu cha kurasa zisizofika 40 kiitwacho De Thiende, yaani Sehemu ya Kumi. Alikiandika kwa Kiholanzi, si Kilatini cha wasomi, akawalenga wapima ardhi, wapima vitambaa, wafanyabiashara na wasimamizi wa sarafu. Desimali zenyewe hazikuwa jambo geni duniani. Al-Uqlidisi alizitumia Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand akaziendeleza katika karne ya 15. Stevin ndiye aliyezifikisha kwa mtu wa dukani Ulaya.

Tazama alivyoandika. Mita 2.75 kwake ingekuwa 2 ikifuatwa na sufuri ndani ya duara, 7 ikifuatwa na 1 ndani ya duara, kisha 5 ikifuatwa na 2 ndani ya duara. Kila tarakimu ilibeba jina la makao yake: hizi ni nzima, hizi ni sehemu za kumi, hizi ni sehemu za mia. Maandishi hayo yanachosha mkono, nakubali, lakini hayamruhusu mtu kusahau anachokihesabu.

Ndipo ninapomkumbuka. Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi: sare moja hula mita 2.75 za kitambaa, je, sare sita? Nusu ya darasa waliandika 12.450. Walizidisha 2 kwa 6 wakapata 12, wakazidisha 75 kwa 6 wakapata 450, kisha wakaviunganisha kwa nukta kana kwamba ni nyumba mbili zenye ukuta katikati. Msichana mmoja, ambaye mamake ni mshonaji huko Namatala, alicheka. Alijua kwamba kitambaa hicho kingetoa sare nne tu, na wateja wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Basi nikachora safu ubaoni kwa mtindo wa Stevin: makumi, mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Tukaanzia kulia. Sehemu tano za mia mara 6 ni sehemu 30 za mia, ambazo ni sehemu 3 za kumi kamili. Tukaziandika juu ya safu ya kushoto na kuacha 0. Sehemu 7 za kumi mara 6 ni 42, ukiongeza 3 ni 45, yaani mita 4 nzima na sehemu 5 za kumi. Mwisho, 2 mara 6 ni 12, ukiongeza 4 ni 16. Jibu: mita 16.50. Wengi wetu tulifundishwa kuzidisha kana kwamba nukta haipo kisha kuhesabu tarakimu zilizo nyuma yake. Kanuni hiyo hutoa jibu sahihi, ila haimwambii mtoto kwa nini.

Huku kwetu wazo la Stevin lilikuja kwa njia ya fedha. Rupia iliyotumika Uganda ilikuwa na ana 16 hadi ilipogawanywa kuwa senti 100, na sarafu za senti zikaanza kutengenezwa 1906. Shilingi iliyofuata mwaka wa 1921 nayo ikawa na senti 100. Leo senti zimetoweka madukani, na mtoto wa Mbale hawezi kujifunza desimali kwa sarafu. Mimi hutumia rula ya mita, tepu ya fundi cherehani na mizani ya kahawa.

Stevin mwenyewe alitaka serikali zigawanye sarafu, uzani na vipimo vyote kwa kumi, lakini hakuishi kuyaona hayo. Marekani ilipitisha sheria ya sarafu za kumi mwaka wa 1792, na Ufaransa ikaanzisha mita katika muongo huohuo. Yeye alikuwa mwalimu na mhandisi wa Mwanamfalme Maurits, akamtengenezea gari la tanga lililobeba watu zaidi ya 20 ufukweni likisukumwa na upepo. Alioa akiwa amekula chumvi, akajaliwa watoto wanne, akafariki mwaka wa 1620. Mwanawe Hendrick ndiye aliyechapisha baadhi ya maandishi aliyoyaacha.