Willem Einthoven: Aliyeuchora moyo kwa umeme

Mgonjwa wa moyo aliyeko Lokichoggio, kaskazini magharibi mwa Kenya, hutenganishwa na madaktari bingwa wa Nairobi na mamia ya kilomita. Umbali kati ya mgonjwa na mtambo ndio uliomsumbua pia Willem Einthoven, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Einthoven alizaliwa Mei 21, 1860 mjini Semarang, kisiwani Java, wakati huo koloni la Uholanzi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki akimwachia mkewe watoto sita. Mwaka 1870 mama huyo aliwahamishia Utrecht, Uholanzi, ambako Willem alisomea udaktari. Mwaka 1886, akiwa na miaka 25, alianza kazi ya uprofesa mjini Leiden.

Huko aliunda mtambo wenye uzi mwembamba mno uliopakwa fedha na kuning'inizwa katikati ya sumaku. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi, na umeme wa moyo ukautikisa uzi huo. Herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi yake zinatumika hadi leo.

Hata hivyo, mtambo ulikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ulihitaji watu watano kuuendesha. Kwa kuwa mahututi hawakuweza kuufuata, mwaka 1905 alitumia waya za simu kuleta mapigo yao kutoka hospitalini, kilomita 1.5 kutoka maabara yake.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki Septemba 29, 1927.

Mwaka 1960 Mwingereza Denis Noble alichapisha kielelezo cha kompyuta cha seli ya moyo. Leo watafiti hujenga vielelezo vya moyo mzima wa mgonjwa ili kujua waya za betri ya moyo ziwekwe wapi, pale moyo unaposhindwa kusukuma damu kwa sababu pande zake hazidundi pamoja. Haja ni kubwa: takriban mmoja kati ya watatu wanaowekewa betri hiyo hapati nafuu ya kutosha.

Uamuzi wa nani awekewe huanzia kwenye mchoro wa Einthoven. Mtambo wake sasa huingia mkobani, ukaweza kusafiri na muuguzi kutoka Lodwar kupitia Kakuma hadi Lokichoggio, na mchoro ukatumwa kwa simu, kama alivyofanya yeye mwaka 1905.