Bibi Florence Nightingale na Hisabu ya Wauguzi

Katika mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za serikali katika nchi yetu ya Kenya waliacha kazi kwa muda wa miezi mitano, wakidai yatimizwe mapatano ya mishahara yao. Walikuwako watu waliosema kwamba uuguzi ni kazi ya huruma, na mwenye huruma hahisabu fedha. Wasemao hayo hupenda kumtaja Bibi Florence Nightingale, yule mwanamke wa Kiingereza aliyezunguka usiku na taa mkononi miongoni mwa majeruhi. Basi tumeona vyema kuandika khabari zake kama zilivyokuwa, kwani bibi huyu alihisabu fedha, na vitanda, na ngazi, na saa za kulala, kwa namna ambayo wakubwa wa hospitali wa zama zake hawakuizoea.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, na jina lake ni la mji huo. Wazee wake walikuwa matajiri. Baba yake alimsomesha mwenyewe lugha na tarehe za kale, jambo lisilokuwa la kawaida kwa binti wa siku zile, naye akaipenda khasa hisabati. Alipotaka kuwa muuguzi, nyumba nzima ilimkatalia. Wala tusiharakishe kuwalaumu. Kazi hiyo katika Uingereza ilifanywa na wanawake mafakiri kwa ujira mdogo, na ulevi ulikuwa mwingi kati yao. Katika baadhi ya hospitali za London wauguzi walilala katika vizimba vya mbao kwenye vipenu vya ngazi, mlangoni pa wodi, mahali pasipo hewa wala utulivu, hata aliyekesha usiku hakupata usingizi mchana. Nani angependa kumpeleka mwanawe huko?

Alisubiri miaka mingi. Katika mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kwa muda mfupi, na mwaka 1853 akapewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake katika mtaa wa Harley Street, London. Jambo alilolishikilia hapo ni maji ya moto yapande kwa mabomba mpaka kila ghorofa, na chakula kipandishwe kwa mashine, na kengele ionyeshe ni mgonjwa yupi aitaye. Hoja yake ilikuwa nyepesi: muuguzi anayeshinda akipanda na kushuka ngazi amekwisha kuwa miguu tu, na mgonjwa hana mtu.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliungana na Dola ya Uthmania kupigana na Urusi. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa Bahari Nyeusi wakaletwa Üsküdar, ng'ambo ya pili ya Istanbul, katika kambi ya Selimiye ambayo Sultani aliwaachia Waingereza. Magazeti ya London yalipoeleza jinsi walivyokuwa wakifa bila ya mtu wa kuwafunga majeraha, waziri Sidney Herbert, rafiki yake, alimwomba aende. Aliondoka London tarehe 21 Oktoba pamoja na wanawake 38, wengine watawa, wengine wauguzi wa kulipwa. Walifika tarehe 4 Novemba, nao madaktari wakawazuilia kuingia wodini mpaka majeruhi walipozidi kuwaelemea. Wakati wa baridi jengo hilo moja lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 2,000.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Bibi Mary Seacole wa Jamaica, mwanamke mweusi mjuzi wa kutibu kipindupindu, alikwenda mwenyewe katika afisi za London mwaka ule ule akaomba kupelekwa, akakataliwa kila mlango. Alisafiri kwa fedha zake akafungua nyumba yake karibu na Balaclava. Watu wakifa kwa kukosa wauguzi, na muuguzi akirudishwa mlangoni.

Mwezi Desemba lilifika kundi jingine la wanawake zaidi ya 40 ambalo Bibi Nightingale hakuliomba, naye akaghadhibika hata akataka kujiuzulu. Mtu atauliza, je, mwenye upungufu hukataa msaada? Lakini hapakuwa na mahali pa kuwalaza, wala madaktari hawakuwa wamewakubali, wala haikujulikana nani atawaamrisha. Kwake yeye, watu wasio na malazi wala mpango si nyongeza ya mikono, ni vinywa vilivyoongezeka.

Na bado mauti hayakupungua. Mwezi Februari 1855 walikufa 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi Machi ilifika tume ya afya kutoka London, ikazibua mifereji ya uchafu iliyokuwa chini ya jengo, ikaondoa mizoga karibu na maji, ikafungua madirisha. Na kufikia Juni hisabu ilishuka mpaka kama 2 katika 100. Aliporudi kwao na kuzichunguza takwimu hizo, katika mwaka 1857, ndipo alipotambua kwamba jitihada zao zote za usiku na mchana zilifanywa juu ya shimo la taka. Yeye mwenyewe aliuchapa ushahidi huo, na michoro yake, bila ya kujiepusha.

Kwa mchango wa watu, kadiri ya paundi 44,000, alianzisha chuo katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Kila mmoja alipewa chumba chake peke yake, chakula, nguo za kazi, na paundi 10 kwa mwaka. Leo hayo yaonekana machache, lakini mkumbuke vile vizimba vya mbao.

Mwaka 1865 wauguzi 12 waliofundishwa walipelekwa Liverpool, katika hospitali ya nyumba ya mafakiri yenye wagonjwa zaidi ya 1,200, chini ya Bibi Agnes Jones. Kabla yao walioangalia wagonjwa walikuwa mafakiri wenyewe wa nyumba ile. Agnes alifanya kazi bila ya kupumzika, akasifiwa na kila mtu, na Februari 1868 akafa kwa homa ya taifasi, naye ana miaka 35. Bibi Nightingale aliandika kumsifu, kisha akahangaika mno kumpata wa kushika mahali pake, kwani hakuwako.

Wala hatusemi kwamba hakuwa na makosa. Aliyetaka wauguzi walale usingizi wa kutosha hakumwonea huruma Sidney Herbert. Alimsukuma katika kazi ya kutengeneza jeshi, naye mgonjwa wa figo, mpaka akafa mwaka 1861. Na tangu mwaka 1887, Bibi Ethel Bedford Fenwick na wenziwe walipodai wauguzi waandikishwe katika daftari la sheria ili cheo chao kihifadhiwe, Bibi Nightingale aliwapinga, akiona kwamba tabia njema haipimwi kwa mtihani. Kwa maoni yetu alikosea. Daftari lingewakinga wauguzi na ushindani wa wasiofundishwa.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1910. Ndugu zake walikataa heshima ya kumzika Westminster, kama alivyousia, na kaburi lake katika kijiji cha East Wellow lina herufi mbili tu za jina lake na tarehe. Sheria ya kuwaandikisha wauguzi ilipitishwa Uingereza mwaka 1919.