Joe Brooks: Pombe ilimtoa mchezoni, ndoana ikamrudisha

Mashabiki wa soka wanaijua vizuri hadithi ya kipaji kinachozama kwenye glasi. George Best alikuwa na kila kitu mguuni pale Manchester United, lakini pombe ilimmaliza kuliko beki yeyote aliyewahi kumkaba. Hadithi ya Joe Brooks ilianza hivyohivyo. Tofauti ni kwamba huyu jamaa alirudi kipindi cha pili, tena akiwa na fimbo ya kuvulia samaki mkononi.

Brooks alizaliwa mwaka 1901 Baltimore, Marekani, mji ulio kando ya ghuba ya Chesapeake. Ujanani alikuwa mtu wa michezo haswa. Besiboli alicheza, gofu alicheza, ngumi alipiga, na kote huko alionekana ana kitu. Uvuvi ulikuwa wa kujifurahisha tu, kwani kazi yake ya kila siku ilikuwa bima, biashara ya familia.

Kilichoharibu mambo ni kilaji. Alikunywa hadi ndoa yake ya kwanza ikavunjika na kazi ya bima ikamshinda. Katika umri ambao wanamichezo wenzake walikuwa wanahesabu vikombe, yeye alikuwa anahesabu alivyopoteza. Wengi wakifika hapo huwa mechi imekwisha.

Yeye aliondoka, akaenda Kanada, akaachana na chupa. Akakutana na Mary, mwanamke wa Kanada, akamuoa. Kuanzia hapo Mary akawa mwenzake wa safari, na uvuvi aliokuwa anaufanya kupoteza muda ukawa kazi ya maisha.

MSHIPI NDIO MZIGO

Aina ya uvuvi aliyoipenda si ile ya chambo cha dagaa au kamba. Mvuvi wa kawaida hufunga risasi kwenye mshipi, na uzito wa risasi ndio unaoubeba mshipi hadi kwenye maji. Kwenye uvuvi wa ndoana ya manyoya ni kinyume. Ndoana imefungwa manyoya ya kuku au ya mnyama, haina uzito wowote wa maana. Mshipi wenyewe ni mnene, na ndio mzigo unaorushwa.

Mvuvi anaurusha nyuma hewani, anausubiri unyooke, kisha anaupeleka mbele. Akiwahi, unakosa nguvu. Akichelewa, unamwangukia mgongoni. Ni sawa na kupiga voli. Hata uwe na shuti la namna gani, ukikosea muda mpira unapaa jukwaani.

Enzi hizo wengi waliuona huu ni mchezo wa mito ya maji baridi na samaki wadogowadogo. Bahari ina upepo unaopindisha mshipi, ina chumvi inayokula vifaa, na ina samaki wenye mbio za kumaliza mshipi wote. Wapo waliojaribu kabla ya Brooks, ila walikuwa wachache, na walichokijua kilibaki kwao. Brooks ndiye aliyeufanya mchezo huo ufike kwa watu wa kawaida.

Mwaka 1947, kwenye visiwa vya kusini mwa Florida, akiwa na nahodha mwongoza wavuvi Jimmie Albright, alimnasa bonefish kwa ndoana ya manyoya. Huyu ni samaki wa rangi ya fedha anayekula kwenye maji mafupi na kukimbia akiona kivuli tu. Brooks alimwona, akamlenga, akampata. Habari ikasambaa.

USAJILI ULIOLIPA

Mwaka uliofuata akaenda upande wa pili wa nchi, Coos Bay jimboni Oregon, kumtafuta besi mwenye milia.

Huyu samaki kwa asili si wa bahari ya Pasifiki. Ni wa pwani ya mashariki, na Chesapeake alikokulia Brooks ndiko wanakozaliana kwa wingi. Mwaka 1879 wadogo takriban 130 walichukuliwa New Jersey, wakapandishwa treni, wakavushwa bara zima hadi California na kuachiwa majini. Usajili ule ulilipa. Besi wakazaana na kusambaa kaskazini hadi Oregon.

Huko Coos Bay ndiko Brooks alikotoa besi wa kilo 13 na ushee, rekodi ya dunia kwa ndoana ya manyoya wakati huo. Alitumia popa, chambo bandia kinachoelea na kutoa mlio juu ya maji kama samaki mdogo anayehangaika. Kwa mtu ambaye miaka michache nyuma alikuwa amekwisha kabisa, lile halikuwa bao la kufutia machozi.

KOCHA WA WASIOJUA

Angeweza kukaa na rekodi yake. Badala yake mwaka 1950 alitoa kitabu cha kufundisha uvuvi huo wa baharini, kilichowalenga hata wasiojua pa kuanzia.

Misingi yenyewe si migumu. Besi wa baharini hufuata samaki wadogo, hivyo ndoana ifungwe manyoya marefu ifanane na samaki. Brooks alivuma kwa ndoana zake ziitwazo Blonde, za nywele za mkia wa paa. Maji yakianza kujaa au kupwa huwasukuma samaki wadogo, na besi huwa nyuma yao, hivyo mvuvi anafuata maji, siyo saa ya mkononi. Samaki akinasa na kukimbia, aachwe akimbie. Anayeng'ang'ania hukatikiwa mshipi.

Mwanafunzi wake mkubwa alimpata mwaka ule wa 1947. Lefty Kreh alikuwa kijana wa Maryland aliyetoka vitani Ulaya, akivua kwa vifaa vya kawaida. Siku moja kwenye mto Potomac alimwona Brooks akirusha ndoana ya manyoya na kutoa besi wa maji baridi mmoja baada ya mwingine. Kreh akaenda Baltimore haraka, Brooks akamchagulia vifaa na kumfundisha kurusha.

Miaka ya 1950 Brooks alivua hadi Argentina, na miaka ya 1960 akaonekana kwenye runinga ya ABC akivua na mtangazaji maarufu wa michezo Curt Gowdy. Mwaka 1968 akawa mhariri wa uvuvi wa jarida la Outdoor Life. Alifariki mwaka 1972.

Kreh aliendelea kufundisha hadi uzeeni kabisa, akafariki mwaka 2018 akiwa na miaka 93. Ndoana yake maarufu, Lefty's Deceiver, aliibuni kwa ajili ya besi wenye milia wa Chesapeake, maji yaleyale ya nyumbani kwa Brooks. Mwaka 1991 posta ya Marekani iliichapa kwenye stempu.