Chandler na mawazo yaliyoikwepa kamera

Nilimjua Raymond Chandler kupitia kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara, jalada lake likiwa limeng'oka nusu. Kilikuwa The Big Sleep, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1939. Miaka mingi baadaye nilitazama filamu yake ya 1946, Humphrey Bogart akiwa mpelelezi Philip Marlowe. Niliifurahia, ila nilihisi kuna mtu amekosekana. Marlowe wa kitabuni hunisimulia mwenyewe uchovu wake, kejeli zake na anavyojichukia wakati mwingine. Yule wa filamu huzungumza na wenzake tu, nami naachwa nje.

Chandler alizaliwa Chicago mwaka wa 1888, akasomea Uingereza, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia katika jeshi la Canada. Kampuni ya mafuta ya Los Angeles ilimfuta kazi mwaka wa 1932, ulevi ukichangia. Hadithi yake ya kwanza ya upelelezi ilichapishwa akiwa na umri wa miaka 45.

Mwaka wa 1943 Hollywood ilimwita asaidiane na Billy Wilder kuandika filamu ya Double Indemnity, kutokana na riwaya ya James M. Cain. Hawakupatana hata kidogo! Lakini tazama walichofanya: wakala wa bima aliyemuua mume wa mpenzi wake anaketi ofisini usiku, anavuja damu, anakiri yote kwenye mashine ya kurekodi sauti. Mawazo yake yamepata sababu ya kutamkwa. Filamu hiyo ya 1944 iliwapa uteuzi wa tuzo ya Oscar.

Wengi hawakuwa na ujanja huo. Katika Lady in the Lake ya 1947, Robert Montgomery aliifanya kamera kuwa macho ya Marlowe. Tunaona mikono yake, na uso wake akipita mbele ya kioo. Tunaona anachokiona, lakini anachokiwaza hatukipati. Chandler alianza kuiandika filamu hiyo akaiacha. Jina lake halimo kama mwandishi wa mswada wa filamu hiyo.

Alifariki La Jolla, California, mwaka wa 1959, miaka minne na ushei baada ya mkewe Cissy, aliyemzidi umri kwa miaka 18. Hakuiona The Long Goodbye ya Robert Altman ya 1973, ambamo Marlowe hujisemea chini kwa chini mchana kutwa, na usiku humsemesha paka wake.