Nazir Ahmad, Mfasiri wa Delhi

Zamani, katika mji wa Delhi, ulio upande wa kaskazini ya Bara Hindi, palikuwa na msikiti mmoja ulioitwa Aurangabadi, na ndani yake walikaa vijana maskini waliokuja kutafuta elimu. Vijana hao hawakulipa ada, wala hapakuwa na mtu aliyewapikia. Kila siku walitumwa kwenda nyumba kwa nyumba kuomba chakula, mkate hapa, mchuzi kule, kisha wakarudi na walichopata wakala pamoja. Miongoni mwao alikuwako kijana mmoja mdogo wa mwili, jina lake Nazir Ahmad.

Alizaliwa katika kijiji cha Rehar, wilaya ya Bijnor, katika miaka ya 1830. Baba yake, Saadat Ali, alikuwa mwalimu, tena mtu wa dini. Alimfundisha mwanawe Kiajemi na Kiarabu nyumbani, akamtafutia na walimu wengine, na hatimaye akampeleka Delhi akamkabidhi kwa mwalimu wa msikiti ule, Sheikh Abdul Khaliq.

Husimuliwa kwamba shida yake kubwa haikuwa kuomba chakula. Nyumbani kwa mwalimu alikuwako msichana mdogo, na kila Nazir Ahmad alipokwenda kule kutafuta mkate, yule msichana alimketisha mbele ya jiwe asage bizari. Akipumzika kidogo, hupigwa vidoleni kwa jiwe la kusagia. Basi akisaga, na machozi yakimtoka. Miaka ikapita, wakakua, na msichana yule yule akawa mkewe.

Katika mji huo kilikuwako Chuo cha Delhi, shule kubwa iliyokuwa na pande mbili. Upande mmoja walifundisha kwa Kiingereza. Upande wa pili walifundisha Kiarabu na Kiajemi, na pamoja na hayo hesabu na elimu nyingine za Ulaya, nazo zilielezwa kwa Kiurdu. Siku moja Nazir Ahmad alipita akaona watu wengi mlangoni, maana ilikuwa siku ya mtihani. Akajipenyeza ndani ili atazame. Sakafu ilikuwa laini, watu wakasukumana, akateleza akaanguka mbele ya wakubwa. Wakamwinua, na mmoja wao akamwuliza anasoma nini. Alipotaja vitabu vyake hawakumsadiki, kwa maana vilikuwa vitabu vya watu wazima. Wakamjaribu papo hapo, naye akajibu. Ndivyo alivyopata nafasi katika chuo kile, pamoja na fedha kidogo ya kumsaidia.

Lakini aliingia upande wa Kiarabu, wala si upande wa Kiingereza. Baba yake alikuwa amekataza. Saadat Ali alisema wazi kwamba ni afadhali mwanawe afe, au aishi kwa kuomba sadaka, kuliko kujifunza Kiingereza. Msomaji asimcheke mzee huyu. Kiingereza kilikuwa lugha ya watawala wageni, na wengi waliamini kwamba mtoto akiingiwa na lugha ile, dini yake itatoka. Hata katika nchi zetu wako wazee waliozificha watoto wao shule za wageni zilipokuja, na hofu yao ilikuwa ile ile. Nazir Ahmad alimtii baba yake. Alisoma miaka mingi katika chuo kile, akashika hesabu, akakishika Kiarabu sana, akatoka bila Kiingereza.

Akawa mwalimu wa shule huko Kunjah, katika Punjab, kisha akafanywa msaidizi wa mkaguzi wa shule. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliwaasi wakubwa wao Waingereza, na mji wa Delhi ukajaa damu. Wakati ule watu wa nyumba ya wakwe zake walimficha mwanamke mmoja Mwingereza aliyejeruhiwa, wakamtunza kwa hatari ya maisha yao, hata wakampeleka salama kwa watu wake.

Fitina ilipokwisha, Nazir Ahmad alipewa kazi ya ukaguzi wa shule katika mji wa Allahabad. Hapo ndipo alipoanza kujifunza Kiingereza, naye ni mtu mzima, mwenye kazi na jamaa ya kulisha. Hakuingia shule yo yote kwa ajili hiyo. Alikisoma katika saa alizoziokoa kazini.

Yafaa tueleze ugumu aliokutana nao. Mtu anayejua lugha tatu haoni taabu sana kujifunza maneno ya maji, mkate, na njia. Taabu imo katika maneno makubwa, yale ya baraza na ya mahakama. Waingereza wameyatoa mengi ya maneno hayo katika Kilatini na Kifaransa, na Wahindi wasemao Kiurdu huyatoa ya kwao katika Kiarabu na Kiajemi. Kwa hiyo mwenye Kiurdu alipolikuta neno kubwa la Kiingereza, hakuona ndani yake alama yo yote ya neno analolijua. Hata maandishi hayafanani, maana Kiurdu huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Ilimpasa kulitafuta kwanza wazo lenyewe, alishike barabara, ndipo aulize nyumbani kwake, sisi wazo hili twaliitaje? Nami naona hapa Nazir Ahmad alikuwa na mali ambayo vijana wa upande wa Kiingereza hawakuwa nayo. Ghala ya lugha yake mwenyewe ilikuwa imejaa.

Mali hiyo ilihitajiwa upesi. Mwaka 1860 serikali ilitunga Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1862. Makarani, polisi, na watu wote waliosimama kizimbani walihitaji kuielewa kwa Kiurdu. Nazir Ahmad alikuwa amekwisha kufasiri sheria ya kodi ya mapato, na sasa akawekwa pamoja na wenzake kuifasiri kanuni hii kubwa, naye akaichukua sehemu kubwa ya mzigo.

Tuangalie mfano mmoja. Katika kanuni hiyo yako makosa mawili yanayokaribiana kama ndugu. La kwanza ni kumzuia mtu asipite mahali anapostahili kupita. La pili ni kumzuia asitoke kabisa katika mipaka uliyomwekea, kama kumfungia chumbani. Mwanafunzi wa Kiingereza aliye mvivu atayafasiri yote mawili kwa neno moja la kuzuia, aone kazi imekwisha. Lakini kosa la kwanza adhabu yake haikuzidi kifungo cha mwezi mmoja, na la pili kifungo chake kiliweza kufika mwaka mzima. Neno moja likitumika mahali pa mawili, mtu aweza kukaa gerezani miezi kumi na mmoja asiyostahili. Basi wafasiri wakaliita la kwanza muzahamat-e-beja, na la pili habs-e-beja. Habs ni neno la Kiarabu, nasi twalo pia tusemapo habusu. Beja ni la Kiajemi, be ni pasipo, na ja ni mahali, yaani jambo lisilo mahali pake.

Kosa la kumchafulia mtu jina lilikuwa na ugumu wake. Maneno ya matusi yalikuwako tele katika Kiurdu, lakini sheria haikusema juu ya matusi tu, ilisema juu ya kuipunguza heshima ambayo watu wanampa mwenzao. Tafsiri ikaliita izala-e-haisiyat-e-urfi, yaani kuiondoa hadhi ambayo mtu anajulikana nayo. Ni jina refu, na mkulima akilisikia mara ya kwanza bila shaka atakodoa macho. Lakini halikosei shabaha.

Tena si Kiurdu peke yake kilichokopa. Unyang'anyi ufanywao na watu watano au zaidi kwa pamoja, Waingereza waliuandika katika kanuni yao kwa neno walilolikuta Bara Hindi.

Kanuni hiyo ilisafiri mbali. Kenya na Tanganyika zilihukumu watu kwa sheria ile ile ya Bara Hindi mpaka mwaka 1930. India yenyewe iliishika hata tarehe 1 Julai 2024, ilipoweka kanuni mpya mahali pake. Pakistan ingali nayo, na habs-e-beja ni neno la kila siku katika mahakama na magazeti ya huko.

Kwa kazi hiyo Nazir Ahmad alipandishwa cheo, akawa mkubwa wa kodi katika wilaya, kisha naibu wa mkuu wa wilaya. Lakini watu wengi wanamkumbuka kwa vitabu vya hadithi. Aliona kwamba hapakuwa na kitabu cha Kiurdu cha kuwafaa binti zake, akaanza kuwaandikia mwenyewe. Kitabu hicho, Kioo cha Bibi Arusi, kilipigwa chapa mwaka 1869, nacho chasimulia habari za dada wawili, mmoja mpumbavu na mmoja mwenye busara. Serikali ilimpa zawadi ya rupia 1,000. Hadithi yake nyingine, juu ya toba ya mtu aitwaye Nasuh, ilifasiriwa kwa Kiingereza na Matthew Kempson, aliyekuwa mkuu wa elimu katika jimbo lile, tena Waingereza waliotaka kazi Bara Hindi walitakiwa kuisoma kwa Kiurdu katika mitihani yao. Mtoto wa Saadat Ali sasa alikuwa akiwafundisha Waingereza maneno.

Mwanawe mwenyewe, Bashiruddin, alimwandikia barua nyingi za kumhimiza katika masomo, na zilikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1887. Jina lake twaweza kulielewa hata sisi, Mauiza-e-Hasana, yaani Mawaidha Mema. Mwaka uliofuata alitoa hadithi ya Ibn-ul-Waqt, Mwana wa Wakati. Humo yumo Mhindi aliyejivika mavazi ya Kiingereza, akala na kukaa Kiingereza, hata jamaa zake wakamwacha na Waingereza wasimpokee. Mwandishi wake alikitumia Kiingereza, walakini hakutaka mtu ahamie ndani yake akaiacha nyumba yake wazi.

Hakuwa mtu asiye na lawama. Alipenda mno misemo ya sokoni, akaiweka hata katika tafsiri yake ya Kurani na katika kitabu alichoandika uzeeni juu ya wake wa Mtume. Waislamu wengi waliumizwa na kitabu hicho cha mwisho, na nakala zake zilichomwa moto. Tena alikuwa mgumu wa fedha, kama walivyo wengi waliolala na njaa utotoni.

Alitumikia serikali ya Hyderabad kwa miaka kadhaa, kisha akarudi Delhi. Mwaka 1902 Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika Uskochi, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa sheria, yeye ambaye hakukaa hata siku moja katika darasa la Kiingereza. Alipokuwa mzee, vijana walimwendea nyumbani kusoma Kiarabu, naye aliwafundisha bila malipo. Mmoja wao, Farhatullah Baig, baadaye aliandika habari za mwalimu wake, na kwake ndiko tulikopata mambo mengi ya utoto wake, pamoja na yale mawe ya bizari. Nazir Ahmad alifariki Delhi mwezi wa Mei mwaka 1912.